Kitufe cha Mdomo na cha Mizani

Kioo hakikumtambua shangazi. Alibonyeza mara ya kwanza kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi, kikakaa kimya. Akabonyeza kwa nguvu, kikakaa kimya. Akalamba ncha ya kidole, akaifuta kwenye khanga, akabonyeza tena, na ile nguzo ya bluu ya chati niliyomwambia itafunguka ikabaki palepale inamtazama.

"Kifaa chako kina dharau," akasema.

Niliona haya. Kile kishikwambi nilikinunua kwa kujinyima, na njia nzima nilikuwa nikifikiria atakavyoshangaa. Nilichosahau ni vidole vyake. Miaka arobaini ya chumvi na mawe ilikuwa imevifanya gome, na vioo vile vimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoshinda kivulini. Nikabonyeza mimi. Nguzo ikafunguka. Hakufurahi hata kidogo.

"Kwa hiyo siku ya mkutano utaniazima kidole?"

Mkutano ndio uliokuwa jambo lenyewe. Shangazi ni mwenyekiti wa kamati ya pwani katika kijiji chetu, kijiji kidogo upande wa Pande. Kamati yake ilikuwa imewashawishi watu waufunge mwamba mmoja kwa bamvua sita, yaani miezi mitatu, pweza wasiguswe mpaka wakue. Ulipofunguliwa watu walivua wakafurahi, na sasa kamati ilitaka ufungwe tena. Wazamiaji walikataa. Hao ni wanaume wenye miwani ya majini, wanaweza kushuka hata maji yakiwa makubwa. Wanawake, kwa upande wao, husubiri bamvua, siku maji yanapokupwa sana, mwamba ukauke, watembee juu yake kwa miguu na mkonjo, ile fimbo ya kuchokolea pweza shimoni. Mwamba ukiachwa wazi mwaka mzima, anayefika kwa miguu anakuta mashimo matupu.

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya watu akasema pweza wameongezeka kwa sababu ya kufunga. Wakamjibu: tuonyeshe. Mkutano ungeamua kwa kunyoosha mikono. Akishindwa kuonyesha, mwamba ungebaki wazi, na yeye asingekuwa na uso wa kuomba mara ya pili.

Ndipo aliponipigia simu. Wakati huo nilikuwa Tanga, na kabla ya Tanga nilikuwa Mwanza, na kabla ya Mwanza Dar es Salaam, na katikati yake miji mingine ambayo siwezi kuipanga vizuri. Mama yangu, Mungu amrehemu, alipoulizwa binti yako yuko wapi, alikuwa anajibu, "Muulizeni kondakta." Nilimaliza kidato cha nne Kilwa, sikuendelea, nikaondoka. Nikiwa mbali nausikia puani mwamba uliokauka, ile harufu ya mwani na maji ya jana, mpaka naacha chakula. Nikirudi nikakaa wiki mbili naanza kuuliza nauli. Ndivyo nilivyoumbwa, nimeacha kujitetea.

Lakini katika kuzunguka huko nilipata ufundi mmoja, na ufundi huo najivunia. Dar es Salaam niliajiriwa kuandika stoo ya ghala la dawa. Nilianza na kalamu, wakaleta kompyuta, nikajifunza kwa kuchungulia na kukosea. Baada ya miaka michache nilikuwa natengeneza dashibodi: ukurasa mmoja kwenye kompyuta wenye chati na vitufe, ukibonyeza hapa chati inabadilika pale. Dashibodi yangu ya kwanza ilikuwa na vichujio kumi na kimoja. Unachagua mkoa, unachagua mwezi, aina ya dawa, dereva aliyebeba, hata rangi ya boksi. Kulikuwa na mshale ukiupitisha juu ya chati kinatokea kisanduku chenye maelezo. Kulikuwa na kitelezi cha tarehe unachokivuta kushoto na kulia. Nilikuwa nakivuta mwenyewe, kama mtu anayechezea shanga.

Mfamasia aliyekuwa bosi wangu alikaa mbele yake akatazama muda mrefu. "Dada," akasema, "mimi kila asubuhi nina swali moja tu. Nini kinakaribia kuisha? Nibonyeze wapi?"

Kujibu swali hilo kulihitaji abonyeze mara nne. Nililia chooni. Nikarudi nikavitoa vichujio tisa. Tangu siku hiyo najua kwamba kila kitufe ni swali, na kitufe ambacho hakuna mtu anayeuliza swali lake ni takataka inayong'aa.

Najua, lakini nilipoipata kazi ya shangazi nilisahau. Nilitaka kumwonyesha nilikokuwa miaka yote ile.

Nilishuka Kiranjeranje, nikapanda bodaboda, nikafika na vumbi hadi kwenye kope. Kesho yake mwandishi wa diko, pale wavuvi wanaposhukia na pweza wao, akaniletea madaftari. Huyu ni mwanamke wa umri wangu, tulikaa dawati moja shule ya msingi, na ndiye anayeandika pweza wanaoletwa na wanawake kila maji yanapokupwa. Yeye mwenyewe pia ni mvuaji. Mumewe ni mzamiaji, tena ndiye aliyekuwa akipinga kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Nasikia umekuwa bingwa wa hesabu," akaniambia, akinitua madaftari mapajani. "Hebu niambie, bado unanakili zangu?"

Niliingiza yale madaftari kwa siku tano. Kisha nikajenga dashibodi, na nikaipamba. Ilikuwa na ramani ya mwamba mzima iliyogawanywa vijumba. Ukikuza unaona kijumba gani kimetoa pweza wengi, chekundu zaidi, chekundu kidogo, njano. Ukibonyeza nguzo ya siku yanafunguka majina ya wavuaji na kilo za kila mmoja. Vile visanduku vya maelezo vilikuwepo, na orodha ya miezi, Januari mpaka Desemba. Hiyo ndiyo iliyokidharau kidole cha shangazi.

Yalikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi vya kutosha na hakuna anayekwenda mwambani. Wanawake walikuwa wamekaa barazani kwa shangazi wanasuka ukili. Nikaiweka kompyuta mpakato juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaanza na ramani, kwa sababu ndiyo niliyoipenda zaidi.

Mikono ikasimama kwenye ukili. Nilidhani wameshangaa.

Bibi mmoja, rafiki wa shangazi tangu utotoni, akasogeza uso karibu na kioo. "Hapa pekundu pana shimo la marehemu mama yangu," akasema. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, bibi. Ni kwenye daftari. Mmesema mlivua upande gani."

"Tulimwambia mwandishi. Hatukuiambia televisheni."

Nilikuwa nimekaa mbali muda mrefu kiasi cha kusahau kitu ambacho nilikijua nikiwa na miaka saba. Shimo la pweza lina mwenyewe. Pweza akitoka, mwingine anahamia, shimo ni lilelile. Mama anamwonyesha binti yake, na binti haonyeshi mtu. Mimi nilikuwa nimeyapaka mashimo ya kijiji kizima rangi nyekundu, nikaweka na kitufe cha kukuza, tayari kuwaonyesha wazamiaji ukutani.

Nikaifuta ramani hapohapo mbele yao. Nikisema haikuniuma nitakuwa mwongo. Shangazi akasubiri mpaka nimalize ndipo akauliza, "Na yale majina?"

"Yale yanafunguka ukibonyeza nguzo. Unaona nani kapata ngapi."

"Unataka kutuanika? Huyu kapata kilo nane, huyu moja, ukutani, watu wanatazama? Kesho mtu akiumwa tumbo aseme alipigwa jicho na nani?"

Wakacheka, lakini ilikuwa kweli. Nikayafuta majina. Orodha ya miezi nayo ikaondoka, maana nilipowauliza Aprili walivuaje wakatazamana. Nilipouliza bamvua ya kwanza baada ya kufungua, wote wakasema kwa pamoja. Nikaweka vitufe vya bamvua, kimoja kimoja, kwa mpangilio wake. Kichujio nilimweleza bibi kwamba ni kama kifumbu cha kukamulia nazi, tui linapita, machicha yanabaki. Akaniambia, "Basi sema kifumbu, usitutishe."

Visanduku vya maelezo vilijitoa vyenyewe. Kwenye kishikwambi hakuna mshale wa kupitisha, kidole kinagusa au hakigusi, na mkutanoni anayeshika kipanya ndiye angekuwa anajua pa kuupitisha huku wengine wanasubiri. Jambo la maana lisifichwe mahali pa kubahatisha.

Kufikia alasiri dashibodi yangu ilikuwa imebaki na nguzo mbili na vitufe vya bamvua. Nguzo ya kijivu: kabla ya kufunga, mwanamke mmoja kwa siku moja alipata wastani wa kilo ngapi. Nguzo ya bluu: baada ya kufungua. Ya bluu ilikuwa ndefu zaidi ya mara tatu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Bibi aliiangalia akapiga kigelegele, na shangazi akanigusa bega, yeye ambaye hajawahi kunisifu tangu nizaliwe.

Kilichonisumbua ni urefu wenyewe wa ile nguzo. Kule ghalani nilijifunza kuogopa namba zinazopendeza mno. Asubuhi yake nikaenda kwa mwandishi, nikamkuta anachambua mchicha, nikafungua daftari la kabla ya kufunga.

"Humu kila mtu ana kilo moja, kilo mbili, kilo moja. Mwaka mzima. Hakuna aliyepata kilo tano?"

"Walipata."

"Mbona hukuandika?"

"Niliandika walichosema."

"Walisema nini?"

Akanitazama kama ninavyostahili. "Umekaa Bara mpaka umeoza. Mwanamke anatoka mwambani, unamuuliza umepata nini. Anasema nini?"

Nikajibu mwenyewe, polepole. "Kitoweo."

"Kitoweo tu, alhamdulillahi," akamalizia. "Hata kama kapu limemvunja shingo. Sasa kitoweo nikiandikeje? Naandika kilo moja. Akionekana kachoka sana naandika mbili."

"Na wewe mwenyewe?"

"Na mimi mwenyewe nilijiandikia kitoweo. Nijipige jicho kwa kalamu yangu?"

Mizani ilikuja siku mwamba ulipofunguliwa. Kamati ilinunua ile ya kuning'inia, ikafungwa kwenye boriti pale diko, na mizani haina haya, haisemi alhamdulillahi. Kwa hiyo nguzo yangu ya kijivu ilikuwa ya mdomo na ya bluu ilikuwa ya mizani. Nilikuwa nimepima adabu ya kwetu nikaiita uhaba wa pweza.

Nilimweleza shangazi nikiwa nimesimama. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha.

"Nani atajua?" akauliza.

"Waume zao. Wanakula kila siku, shangazi. Mzamiaji aliyekula pweza watatu nyumbani kwake siku moja, ukimwambia mkewe alikuwa analeta kilo moja, atakuchekea mbele ya watu."

Akakuna. Ile mbuzi ya nazi ilikuwa inalia krr, krr. "Na kama hatacheka?"

"Basi utashinda kwa uongo, na mimi nitakuwa nimeuandika."

"Nimesema neno mbele ya kijiji," akasema. "Nimesema wameongezeka. Hawakuongezeka?"

"Sijui. Ndiyo shida. Kwa hizi siwezi kujua."

Akaweka kifuu chini. Sijawahi kumwona shangazi anaogopa, na siku hiyo sikumwona pia, lakini alijifunga khanga upya mikono ikiwa imejaa nazi bila kuifuta. Kisha akasema, "Muulize mwandishi kama zile karatasi za mnunuzi anazo."

Zilikuwepo. Mnunuzi mmoja wa Kilwa Masoko alikuwa anakuja baadhi ya bamvua na mizani yake mwenyewe, hata kabla ya kufunga, na kila alichopima alimwachia mwandishi karatasi. Mwandishi alizibana kwa pini nyuma ya daftari, na mimi katika haraka yangu ya kuchora ramani sikugeuza huko. Hazikuwa za kila siku. Zilikuwa bamvua chache, wanawake wachache. Lakini zilikuwa za mizani.

Sasa nikawa na uamuzi ambao hakuna bosi aliyewahi kunipa. Ningeweza kuzifuta kimya kimya zile za mdomo nibaki na za mizani tu. Ukurasa ungekuwa safi. Lakini kijiji kizima kilijua mwandishi alikuwa anaandika kila siku, na wangesema tumeficha. Ningeweza kuziacha zote na kuandika chini kwa herufi ndogo kwamba namba nyingine ni za kukadiria. Herufi ndogo husomwa na aliyeziandika. Ningeweza kuchanganya zote nikapata wastani, na huo ungekuwa uongo wa katikati.

Nikachagua swichi. Kitufe kimoja chenye pande mbili: mdomo, mizani. Ukibonyeza mdomo, chati inaonyesha siku zote, pamoja na zile za kuambiwa. Ukibonyeza mizani, zinabaki zilizopimwa pekee. Mtu ajibadilishie mwenyewe, aone tofauti ikitokea chini ya mkono wake. Katika kazi yangu nimeweka vitu vingi vya kubonyeza, lakini hicho ndicho cha kwanza nilichokiweka nikijua hasa ni swali la nani.

Nilivichora vikubwa, vinaonekana toka ukuta wa mwisho. Mizani ilichoreka vizuri. Mdomo ulitoka kama unamcheka mtu, na wanawake waliupa jina la jirani mmoja ambalo sitaliandika.

Nilipobonyeza mizani kwa mara ya kwanza, nguzo ya kijivu ilipanda. Ilipanda ikapita nusu ya ile ya bluu, ikapanda tena, na moyo wangu ulipanda nayo, kisha ikasimama. Ya bluu ilibaki juu. Haikuwa mara tatu tena, haikuwa hata mara mbili, lakini ilibaki juu, na uliiona bila kukodoa.

"Ianze ipi?" nikamuuliza shangazi. "Mtu akifungua, akute ipi kwanza?"

"Ile ya mizani," akasema bila kufikiri. "Nisimame juu ya ile isiyoanguka. Ile ya mdomo wataiomba wenyewe."

Mkutano ulifanyika asubuhi, siku ya maji mafu, katika darasa la shule ya msingi. Projekta tuliazimwa, na kipanya nilikuwa nacho. Wanawake walitundika khanga madirishani kupata giza, tukawa wote tumekaa ndani ya rangi na methali. Wazee walikaa mbele, nikazunguka na shikamoo mpaka goti likaniuma. Wazamiaji walisimama nyuma, mikono kifuani.

Shangazi alisema maneno machache. Nguzo mbili zikatokea ukutani. Alisema hii kabla, hii baada, na zote zimepimwa kwa mizani. Kisha akakaa.

"Siku nyingine ziko wapi?" Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa mume wa mwandishi. "Mke wangu ameandika mwaka mzima, ameacha kupika kwa sababu ya kuandika. Hapa naona siku za kuhesabika. Mmezificha."

"Njoo uzitoe," shangazi akamwambia.

Akaja. Nikampa kipanya, akakinyanyua hewani kukielekeza ukutani kama rimoti, na darasa zima likacheka. "Weka chini, bwana, si rimoti ya kuangalia mpira hiyo!" mtu akapiga kelele. Nikamwonyesha kukisukuma mezani. Mshale ukatangatanga, ukapotea, ukarudi. Akaufikisha kwenye mdomo, akabonyeza.

Nguzo ya kijivu ikaanguka mpaka karibu na sakafu.

Wanawake wakaanza kushangilia. Mzamiaji akaiacha meza. Alisogea ukutani, kivuli chake kikafunika nusu ya chati, akasoma namba iliyokuwa juu ya ile nguzo fupi. Kisha akageuka akamtafuta mkewe kwa macho.

"Mama watoto. Kabla ya kufunga, ulikuwa unaleta kilo moja?"

"Nilikuwa naleta kitoweo," akajibu mkewe.

"Wale pweza watatu, siku aliyokuja mdogo wangu?"

"Walikuwa kitoweo."

"Yule mmoja aliyejaa sufuria mpaka tukaazima kwa jirani?"

"Mbona ulimmaliza? Si kitoweo huyo?"

Darasa lilivunjika mbavu. Hata wazee walicheka, mmoja akifuta machozi kwa kofia yake. Mzamiaji naye akashindwa kujizuia, akacheka huku anatikisa kichwa, akarudi mezani, na mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akabonyeza mizani.

"Hii midomo iondoeni," akasema. "Tuongee na hii."

Nilikuwa nimesimama kando ya projekta, na nakiri kwamba nilijisikia mrefu kuliko wote mle ndani. Nimekaa kwenye ofisi zenye viyoyozi, watu wenye tai wamepewa vitufe vya kila aina, na sijawahi kumwona hata mmoja anayeitupa kwa mkono wake namba iliyokosewa ili abaki na ile ya haki. Mtu wa kijiji chetu aliitupa baada ya kubonyeza mara mbili.

Hakuishia hapo. Alikuwa ameshakizoea kipanya. Akaanza kubonyeza bamvua moja moja. Ya kwanza baada ya kufungua, nguzo juu. Ya pili, chini kidogo. Ya tatu, chini zaidi. Ya mwisho, ilikuwa karibu sawa na ya zamani. Kicheko kilikwisha taratibu kadiri nguzo ilivyokuwa ikishuka.

"Huku mwisho ni kama hatukufunga," akasema.

"Ndiyo," akajibu shangazi. "Ndiyo maana naomba tufunge tena."

"Na nani aliyewamaliza?" Hapo sauti yake ilibadilika. "Hizi ni kilo za wanawake. Za wazamiaji hazimo hata moja. Kesho mtasema sisi ndio tuliomaliza, na hamna namba yetu ya kutushitaki wala ya kututetea. Kitufe chetu kiko wapi?"

Nilikuwa nimefuta ramani, majina, miezi, nikajiona mwerevu, na sikuuliza hata mara moja ni nani hayumo kwenye daftari. Wazamiaji wanashukia upande wa pili wa kijiji. Mizani haikuwahi kufika huko.

"Mlialikwa kupima," shangazi akasema. "Mkakataa."

"Mizani iko kwenu. Tubebe pweza kilomita nzima tuje kuchekwa na wanawake?"

"Ikihamia kwenu bamvua moja, kwetu bamvua moja?"

Mzamiaji akawatazama wenzake nyuma. Mmoja akainua mabega. Mwingine akasema kitu kwa Kimatumbi ambacho kiliwachekesha wao tu.

"Tukifunga, tufunge wote," akasema. "Tukifungua, tufungue wote, na tupime wote. Na mezani hapa tuwe na kitufe chetu. Hapo mimi mkono nanyoosha."

Mwenyekiti wa kijiji akaita mikono. Ya wanawake ilipanda kama kawaida, ikiwa na bangili. Ya nyuma ilichelewa, kisha ikapanda mmoja mmoja, na wa mume wa mwandishi ulikuwa umeshika kipanya bado, waya umenyooka mpaka nikahofia kompyuta itaanguka. Shangazi hakugeuka kuhesabu. Aliuangalia tu ukuta, na nikaona anapumua.

Watu walipotoka, wanawake wakashusha khanga zao, mwanga ukaingia, chati ikafifia ukutani. Mzamiaji hakutoka. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Kiweke sasa," akasema. "Ukiondoka utasahau. Wewe unajulikana."

Nikakaa. Nikachora miwani ya majini. Akasema hiyo ni ya mwalimu, siyo ya kuzamia, nikachora tena, na mkewe akasogea akasema kioo kiwe kimoja, siyo viwili. Nikaiweka karibu na ile mizani, kwa ukubwa uleule. Akanipokonya kipanya, akabonyeza miwani.

Chati ikawa tupu, mistari miwili tu na sifuri kwenye kona.

"Ndiyo yetu hiyo?" akauliza.

"Ndiyo yenu. Itaanza kujaa siku mtakapopima."

Akabonyeza tena kuhakikisha, mara ya tatu, akiwa amekunja mikono ya shati, na shangazi akamwambia aache, asiiharibu kabla haijapata pweza hata mmoja.